Windows au Linux: Alama za vipimo haziujui mzigo wako

Na Mwandishi Wetu, Makamba

WAFANYABIASHARA wanaovuka Kobero na Mugina wanajua kwamba kompyuta za mitumba siku hizi ni bidhaa kama vitenge, mchele na sabuni. Zinatoka Dubai na Ulaya, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Ngara au Kigoma na kuingia kwetu, moja moja kwenye begi au kumi kumi kwenye boksi.

Mnunuzi akisimama mbele ya meza atasikia maneno ya namna tatu. Muuzaji wa kwanza atamwambia: "Mwalimu, chukua hii, ina Windows mpya, inakimbia." Wa pili atamvuta pembeni: "Kaka, Windows ni nzito. Weka Linux, mashine kuukuu itakuwa kama mpya." Wa tatu atatoa simu na kumwonyesha jedwali la vipimo, kompyuta hii ina alama nyingi kuliko ile. Wote watatu wanazungumzia kasi, lakini hakuna hata mmoja aliyemuuliza mnunuzi anakwenda kuifanyia kazi gani.

Suala hili si la mafundi peke yao. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka tarehe 29 Julai 2015. Kwa watumiaji binafsi iliweka muda wa nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026, tena kwa masharti. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haizipokei rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017, kwa kuwa inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa zilizomo kwenye orodha yake. Kwa hiyo kompyuta ambazo bado ni nzima zimepoteza mfumo wake, na nyingi ya kompyuta hizo ndizo zinazofika kwenye meza za mitumba.

Anayenunua leo analazimika kuchagua mambo mawili kwa pamoja, mashine na mfumo endeshi utakaokaa ndani yake. Akichagua vibaya, ada ya mtoto au mtaji wa duka umekwenda, na aliyemuuzia ameshavuka mpaka. Ndiyo maana inafaa tuulize: hizo alama za vipimo zinatuambia nini, na zinatuficha nini?

Vipimo hupima nini?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndio unaogawa nafasi kwenye kumbukumbu, unaoamua programu ipi ipate zamu kwenye prosesa, unaosoma na kuandika kwenye diski, na unaozungumza na printa. Windows ni mali ya Microsoft ya Marekani. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Hutolewa bure na ina matoleo mengi, kama Debian, Mint na Ubuntu. Jina hilo la mwisho, lililotoka Oktoba 2004, wasomaji wa huku hawahitaji kutafsiriwa. Kwa Kirundi ubuntu ni ukarimu, na Waswahili wana neno la karibu nalo, utu. Mfumo wa Apple tutauacha kando, kwa sababu umetengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Apple tu na mnunuzi wa kawaida hawezi kuulinganisha na mingine kwenye mashine ileile.

Kipimo cha kasi ni programu inayoipa kompyuta kazi maalumu, ikahesabu muda uliotumika, kisha ikatoa alama. Jambo hili si geni. Kipimo cha Whetstone kilikuwapo Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Dhrystone kikafuata mwaka 1984. Mwaka 1988 makampuni yaliunda chombo kiitwacho SPEC ili kuweka vipimo vya pamoja. Siku hizi Cinebench huichoresha kompyuta picha ngumu, 7-Zip hupima uwezo wa kubana mafaili, na Phoronix Test Suite, iliyotoka mwaka 2008, hukusanya majaribio mengi ambayo yanaweza kuendeshwa kwenye Linux na kwenye mifumo mingine.

Vipimo hivi vina faida yake. Kazi ni ileile, inarudiwa mara nyingi, na hisia za mtu hazimo. Anayesema mfumo fulani una kasi kwa sababu tu rangi zake zinampendeza hawezi kubishana navyo. Hata hivyo wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kipimo kimebeba mzigo wa mtu mwingine. Kabla ya kushangilia ulivyokuwa mwepesi, yafaa tujue mwenye mzigo ni nani.

Linux ilipoishinda Windows

Tuanze na mfano unaojulikana. Agosti 2012 kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve, ya Marekani, ilieleza kwamba mchezo wake wa Left 4 Dead 2 ulitoa picha 315 kwa sekunde kwenye Ubuntu 12.04, na picha 270.6 kwa sekunde kwenye Windows 7, mashine ikiwa ni ileile. Tofauti hiyo ni kama asilimia 16, na wapenzi wa Linux walifurahi, kwa haki yao.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ndani ya habari hiyo. Kwanza, mafundi walipoubadilisha mchezo huohuo kwenye Windows ili utumie njia ya kuchora picha inayofanana na ile ya Linux, ulifikia picha 303.4. Sehemu kubwa ya tofauti, kumbe, ilitokana na njia iliyotumika kuchora. Pili, skrini nyingi za wakati ule zilionyesha picha 60 tu kwa sekunde. Picha nyingine zaidi ya 200 zilizotengenezwa kila sekunde hazikuonwa na jicho la mtu. Alama ilikuwa ya kweli, ila mtazamaji hakufaidika nayo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2018, AMD ilipotoa prosesa ya Threadripper 2990WX yenye viini 32. Kwenye baadhi ya majaribio Linux iliiacha Windows mbali sana. Mwanzoni mwa mwaka 2019 wachunguzi walionyesha kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa namna Windows ilivyozigawa kazi kwenye viini hivyo vingi. Huo ulikuwa ushindi halali, lakini kompyuta mpakato za mitumba kwa kawaida zina viini viwili au vinne. Foleni inayotokea kwenye viini 32 haipo mezani kwako.

Ipo pia sehemu ambayo Windows hulemewa kwa kweli, nayo ni kushughulikia mafaili madogo madogo kwa maelfu, hasa kwa sababu programu yake ya kuzuia virusi hukagua faili kila linapofunguliwa. Microsoft yenyewe mwaka 2023 ilileta aina mpya ya sehemu ya diski, iitwayo Dev Drive, ili waandika programu wapunguziwe ukaguzi huo. Kwa upande mwingine, kwenye kompyuta mpakato Windows mara nyingi imetunza betri vizuri zaidi, kwa kuwa watengenezaji huandaa kwanza kwa ajili ya Windows zile programu za kuongoza vifaa, ambazo mafundi huziita draiva. Kila mfumo, basi, una uwanja wake wa nyumbani.

Alama hupikwa pia

Mahali penye fedha, mizani huguswa. Mei 2003 kampuni ya Futuremark ya Finland, iliyotengeneza kipimo cha 3DMark03, ilitoa ripoti iliyosema kwamba draiva za Nvidia zilikuwa zikikitambua kipimo hicho na kupunguza kazi ili alama zipande. Baadaye pande hizo mbili zilitoa tamko la pamoja lililoepuka neno udanganyifu, lakini wanunuzi walikuwa wameshapata somo.

Juni 2011 AMD, Nvidia na VIA zilijitoa kwenye chombo cha vipimo kiitwacho BAPCo. Malalamiko ya AMD yanatuhusu moja kwa moja. Ilidai kwamba kipimo cha SYSmark 2012 kiliweka uzito kwenye kazi ambazo mtu wa kawaida hazifanyi, au huzifanya mara chache sana. BAPCo ilijibu kwamba AMD yenyewe ilikuwa imepiga kura kuunga mkono mambo mengi ya kipimo hicho. Angalia kilichokuwa kikigombewa: matumizi ya kawaida ni yapi, na nani mwenye haki ya kuyaeleza.

Na mwaka 2024 SPEC, wale wa tangu mwaka 1988, waliyawekea alama ya kutofaa matokeo zaidi ya 2,600 ya prosesa za Intel. Sababu ni kwamba programu ya Intel inayogeuza maandishi ya waandika programu kuwa amri za mashine ilikuwa imetengenezwa kwa namna iliyoupendelea mtihani mmojawapo wa kipimo hicho. Walimu tunaielewa hali hiyo. Mwanafunzi aliyepewa maswali usiku wa kuamkia mtihani atapata alama za juu, na hujui anajua nini.

Foleni ya Kobero

Hata kipimo kikiwa safi, bado kuna sababu kubwa inayofanya alama zisifike mezani. Wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kuifahamu kuliko wahandisi. Tuseme safari ya mzigo wako inachukua saa 10, saa 2 gari likiwa barabarani na saa 8 likiwa kwenye foleni ya mpakani. Ukinunua lori lenye kasi mara mbili, barabarani utatumia saa 1, na foleni itabaki saa 8. Umelipia mara mbili ya kasi, umeokoa saa moja katika kumi. Mhandisi Gene Amdahl aliieleza hesabu ya namna hii kwa upande wa kompyuta mwaka 1967, nayo bado haijapitwa.

Vipimo vingi hupima lori. Kazi za kila siku kama kuandika barua, kujumlisha mauzo, kufungua barua pepe au kuchapa mtihani hukaa zaidi kwenye foleni. Na foleni za kompyuta za mitumba ni tatu.

Ya kwanza ni diski. Diski ya zamani ya kompyuta mpakato huzunguka kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili kusoma kipande kimoja cha data, kichwa chake husogea, kisha husubiri diski ifike mahali pake. Kwa wastani hutumia kama sehemu 17 za elfu ya sekunde. Kwa sekunde moja, basi, itaokota vipande karibu 60 tu vilivyotawanyika. Tuseme programu inahitaji vipande 3,000 ili ifunguke. Utasubiri sekunde 50. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kila kipande huchukua kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Vipande hivyohivyo 3,000 vitasomwa kwa chini ya sekunde moja. Kutoka Windows kwenda Linux, au kurudi, hakuwezi kukupa tofauti ya namna hiyo.

Ya pili ni kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita RAM. Windows XP ya mwaka 2001 ilipendekezewa MB 128. Windows 11 inadai angalau GB 4, ambazo ni mara 32 ya hizo. Mwanasayansi Niklaus Wirth wa Uswisi alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinaongezeka uzito haraka kuliko mashine zinavyoongezeka kasi. Wala Linux haijasalimika, maana Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024 nayo inataka GB 4. Matoleo yenye sura nyepesi, kama Mint ya Xfce, huanza na GB 2, ingawa nayo hupendekeza 4. Kumbukumbu ikijaa, mfumo hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na hapo unarudi kwenye ile foleni ya kwanza. Tena mlaji mkubwa wa kumbukumbu kwa watu wengi ni programu ya kuperuzi intaneti, ambayo ulaji wake haupungui sana ukibadilisha mfumo.

Ya tatu ni wageni wanaofanya kazi nyuma ya pazia bila kuitwa, yaani ukaguzi wa virusi na masasisho. Masasisho ya Windows yanaweza kufika mamia ya megabaiti kwa mwezi. Ukiwa unanunua bando la simu, hilo si suala la kasi tu bali ni la mfuko. Ndani ya mipangilio ya Windows ipo sehemu ya kuueleza mfumo kwamba mtandao wako una kikomo, na masasisho mengi yatasubiri. Kwenye Linux masasisho yapo pia, na kwa kawaida mtumiaji huamua mwenyewe saa ya kuyapakua.

Usisahau joto na vumbi la kwetu. Kompyuta iliyojaa vumbi kwenye feni hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kipimo cha dakika tano hakitalionyesha hilo, lakini siku nzima dukani italionyesha.

Kasi ya vidole na lugha

Kuna kasi nyingine ambayo haimo katika jedwali lolote, nayo inatugusa sana sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania kisha tukarejea. Tulijifunza kuchapa kwenye kibodi za Kiingereza. Tulipofika nyumbani tulikuta kibodi za Kifaransa. A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M imehamia kulia kwa L, na tarakimu za juu hazitoki mpaka ubonyeze kitufe cha herufi kubwa. Mtunza hesabu wa duka anayechapa tarakimu mchana kutwa kwenye kibodi isiyo na tarakimu za pembeni atapoteza muda mwingi kuliko prosesa yoyote inavyoweza kumwokolea. Kompyuta za mitumba zinakuja na kibodi za Kiarabu, Kijerumani na Kibelgiji. Windows na Linux zote zinakubali kubadilishiwa mpangilio wa kibodi bila malipo, ila maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe hayabadiliki. Kama huchapi bila kutazama, nunua kibodi unayoijua, au chomeka ya pembeni.

Lugha nayo ni kasi. Mtu asiyeelewa ujumbe ulioandikwa Kifaransa au Kiingereza hubonyeza kwa kubahatisha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hatua hiyo ilionyesha kwamba programu huria inaweza kuvishwa lugha ya mtumiaji bila kuomba ruhusa kwa kampuni.

Lakini lipo na la upande wa pili. Kama programu ya hesabu ya ofisi yako inatengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, kasi ya Linux kwako ni sifuri. LibreOffice, inayokuja na matoleo mengi ya Linux, hufungua hati za Word, ila mpangilio wa majedwali na kurasa unaweza kusogea. Kwa barua hilo si neno. Kwa mtihani wa kurasa mbili uliogeuka kurasa tatu, ukiutolea fotokopi za wanafunzi 60, umelipia karatasi 60 zaidi.

Kuhusu virusi, wanaotumia flashi kati ya duka la fotokopi, shule na nyumbani wanajua adha yake. Kirusi cha Conficker, kilichoibuka mwishoni mwa mwaka 2008, kilienea kwa mitandao na kwa flashi. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia programu zisijiendeshe zenyewe flashi inapochomekwa kwenye Windows za zamani. Linux kwa kawaida haiangushwi na virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, ingawa flashi iliyopita kwenye Linux inaweza kuvibeba mpaka kwa jirani.

Pima mwenyewe kabla ya kulipa

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kwamba asitafute jedwali la mtu mwingine. Atengeneze kipimo chake, kwa saa ya simu, palepale mezani kwa muuzaji. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa.

Kwanza, soma jina zima la prosesa. Maneno "Core i5" peke yake hayatoshi, kwa sababu jina hilo limetumika tangu mwaka 2009. Tazama tarakimu zinazofuata: i5-2410M ni ya kizazi cha pili, i5-8250U ni ya nane, i5-10210U ni ya kumi. Hiyo ya pili ina viini viwili na ya nane ina vinne, ingawa zote huitwa i5. Kwa Intel, orodha rasmi ya Windows 11 huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana.

Pili, njoo na flashi yenye kazi zako mwenyewe, hati ndefu, jedwali la mauzo na picha chache. Washa kompyuta upya kwa kuchagua kuanzisha upya, si kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili uwashaji wa pili uonekane wa haraka, hivyo saa yako itadanganywa. Hesabu muda hadi hati yako imefunguka na umeandika neno moja. Rudia mara tatu, uchukue jibu la katikati.

Tatu, fungua kurasa tano za intaneti, hati na jedwali kwa pamoja, kisha hama kutoka moja kwenda nyingine. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame kumbukumbu na diski. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa, umeshaijua foleni yako iko wapi.

Nne, acha video icheze nusu saa, kisha rudia jaribio la pili. Ikiwa muda umeongezeka sana, shuku joto. Chomoa chaja, uone betri inashikilia vipi. Jaribu pia mtandao usiotumia waya, sauti, kamera, na printa ya aina utakayotumia.

Tano, ukifikiria Linux, mwombe fundi aiendeshe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Hapo usiihukumu kwa kasi, kwa maana flashi ni ya polepole. Tazama kama imevitambua vifaa vyote.

Nani achukue nini?

Mwenye mashine ya kizazi cha nane au zaidi, yenye SSD na GB 8 za kumbukumbu, atafanya kazi vizuri kwenye mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Achague kwa programu anazozihitaji na fundi aliye karibu naye. Tofauti za asilimia chache kwenye vipimo hatazihisi.

Mwenye mashine ya zamani zaidi, anayehitaji kuandika, kuhesabu na kuperuzi, atumie fedha yake kwanza kwenye SSD, kisha kwenye kumbukumbu, ndipo aweke Linux nyepesi ambayo bado inapata masasisho ya usalama. Kubaki na Windows 10 isiyotengenezwa tena huku ukiitumia kwa fedha na barua za watu ni hatari, hata kama inafunguka haraka.

Anayelazimika kutumia programu ya Windows asishawishiwe na sifa za Linux. Anunue mashine inayoikubali Windows 11 rasmi, na aangalie kwenye mipangilio kama leseni ni hai. Windows iliyovunjwa leseni hujui aliyeivunja aliweka nini ndani.

Na kwa wafanyabiashara wenzetu wanaoleta mzigo: badilisheni diski kabla ya kupanga bidhaa mezani, na mwandike kwenye karatasi kizazi cha prosesa, kumbukumbu, aina ya diski na aina ya kibodi. Mama anayefungua duka la fotokopi Nyanza-Lac hatakuja kuwauliza alama za Cinebench. Atakuja wiki ya pili kuwaambia kama mashine ilimaliza foleni ya wateja wake siku ya mnada, na majirani zake watasikia atakachosema.